Dirisha la Nzau

Ukitaka kumjua Kanyiva, anza kwa kutazama sakafu. Hapa kwetu chini ya kilima cha Mrima, nyumba yoyote ya udongo yenye ukuta ulionyooka na sakafu isiyo na ufa imepitia mikononi mwake, pamoja na hii yangu. Sisi Wadigo tunajua kujenga, na sitaki mtu aje kunifundisha hilo, lakini kusiriba kama alivyokuwa akisiriba yule mama wa Kikamba hatujui. Alikuwa akimaliza chumba, unaona haya kuingia na viatu.

Walikuja yeye na mumewe, Nzau, kutoka Mackinnon Road, ambako Nzau alikuwa kibarua wa reli. Walipata shamba la makazi kando ya letu, wakiwa na binti mmoja, Ndulu, ambaye sasa ameolewa Ukambani. Watu wakawaita wabara, na mimi pia niliwaita hivyo mwanzoni, halafu nikaona aibu, maana Kanyiva alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa adabu kuliko dada zangu wa kuzaliwa nao. Yeye ndiye aliyeugundua udongo wetu. Juu kidogo ya kijiji kuna mitaro ya zamani iliyochimbwa na wazungu wakitafuta madini, na ndani ya mitaro hiyo kuna udongo mzito, mwekundu unaokaribia kuwa mweusi. Sisi tulikuwa tukipita tu. Kanyiva alichukua konzi moja, akaitemea mate, akaisugua kwenye kiganja, akasema huu ukikauka utang'aa wenyewe bila kupakwa kitu. Na kweli ulikuwa uking'aa.

Kuanzia siku hiyo akawa ndiye fundi wa eneo zima. Bwana harusi akijenga, Kanyiva anaitwa. Mtu akifiwa, siku chache baada ya maziko Kanyiva anakuja na ndoo yake bila kuitwa, anaisiriba upya nyumba ya msiba ili wenyewe waamke mahali penye harufu ya udongo mbichi. Hiyo hakulipwa na hakutaka kulipwa. Mume wangu alipofariki, alinifanyia hivyo, na sijamsahau.

Nzau alikuwa mtu wa namna nyingine. Mrefu, mcheshi, mvivu kidogo, na kinywani sigara. Alijifunza kuvuta huko relini na hakujifunza kuacha. Kanyiva alikuwa wa kanisa lisilotaka sigara hata karibu na ua, kwa hiyo vita vyao tulivijua sote. Kila mwaka mpya Nzau aliapa mbele ya mchungaji kwamba ameacha, na kila Januari kabla haijafika katikati tulikuwa tukiona moshi ukitoka kwenye dirisha la chumba chao.

Dirisha lenyewe lilikuwa dogo, kando ya kitanda, lina kibao cha kufungia. Nzau alikuwa akikaa kitandani, anaegemeza viwiko dirishani, anapuliza moshi nje. Na alikuwa na neno lake. Hakusema anakwenda kuvuta. Alikuwa akijishika kifua, anasema, "Mama, hiyo dirisha wacha wazi. Joto hapa. Nataka hewa kidogo." Kila mtu alijua hewa ya Nzau ni ipi. Watoto wa kijiji walikuwa wakiigiza, mmoja anajishika kifua na kuomba hewa, wengine wanaanguka kwa kicheko. Kanyiva hakucheka. Alikuwa anatoka nje, anakwenda kuchota maji hata kama mitungi imejaa.

Mwaka wa tisini na saba vita vya Likoni vikazuka, na wabara wakawa hawana usalama. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na mimi sitaeleza zaidi maana wengine bado wanaishi jirani. Kanyiva na Nzau walikimbilia kwa jamaa zao Mackinnon Road na nguo walizovaa. Mbuzi wao nilikaa nao mimi, na ufunguo nilikaa nao mimi. Waliporudi, Kanyiva hakuwa yule wa zamani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuziba madirisha. Alijaza mawe, akakandika udongo wa mitaroni ndani na nje, akasiriba juu yake mpaka huwezi kujua kwamba hapo palikuwa na dirisha. Alisema mtu hawezi kurusha moto kupitia ukuta.

Likabaki lile moja la kando ya kitanda. Nzau alisimama mbele yake na kukataa katakata. Akasema wakimwua na wamwue, lakini hiyo dirisha haizibwi. Kanyiva alilia, Nzau akashinda, na usiku alikuwa akilala dirisha likiwa wazi na panga chini ya mto. Nilimwona mjinga.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya El Nino. Kuta zilimong'onyoka kila mahali, na ilipokatika hakuna aliyelala kwa amani mpaka Kanyiva apite. Alifanya kazi mpaka kucha zikamtoka. Watu wengi, wabara na wenyeji, walimwambia apunguze madirisha au ayaondoe kabisa, kwa kuwa wezi walikuwa wamezidi na mioyo ilikuwa bado haijatulia. Alifanya kama walivyotaka. Kijiji kikawa na nyumba nzuri, nyekundu, zinazong'aa, na zilizofungwa kama mitungi.

Hapo ndipo akaja Hasina. Hasina ni mtoto wa kijiji cha Waa, alikuwa akisoma chuo kikuu, na alitumwa na walimu wake kupima nyumba zetu. Alivaa buibui na miwani, na aliamkia kila mtu mzima kabla ya kufungua mdomo kwa jambo lingine, kwa hiyo tulimpokea. Alining'iniza vikombe vidogo vya plastiki vyenye kifuniko, kimoja katika kila chumba cha kulala, kwenye boriti. Akasema tusiviguse mpaka arudi. Kisha akauliza maswali. Sakafu ni ya nini? Udongo umetoka wapi? Madirisha mangapi, na hufunguliwa lini? Jiko liko ndani au nje? Kuna mtu anayevuta sigara?

Alipofika kwenye sigara, Nzau alitazama dari. Kanyiva akajibu kwa niaba yake.

"Andika kwamba yupo. Andika kwa herufi kubwa."

Hasina alirudi baada ya miezi kadhaa, akavichukua, akaweka vingine, na aliporudi tena alikuja na majibu ya vile vya kwanza. Tulikutana nyumbani kwa Nzau, mimi na majirani wachache. Kanyiva hakuwepo, alikuwa akisiriba ukuta wa mtu kijiji cha Munje. Hasina alitueleza polepole. Alisema udongo wa kilima chetu una kitu ndani yake kinachotoa gesi, inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuionja. Nje inapeperuka na upepo na haina neno. Ndani ya nyumba iliyozibwa inajikusanya, mtu anaivuta usiku kucha, na baada ya miaka inaweza kumletea saratani ya mapafu. Mvutaji wa sigara ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu mapafu yake yamekwisha kuumizwa na moshi, na madhara mawili yakikutana yanazidishana.

Halafu akasema jambo lililotushangaza. Chumba cha Nzau kilikuwa na gesi kidogo kuliko karibu nyumba zote. Changu kilikuwa kibaya kuliko chake.

"Vipi, mwanangu?" nikamwuliza. Nilikasirika. "Mimi sivuti. Mwenzangu anafuka kutwa kucha."

"Dirisha, mama," akasema Hasina. "Mzee anavuta dirishani, kwa hiyo dirisha liko wazi mchana na usiku, na gesi inatoka. Si sigara iliyomsaidia. Ni dirisha tu. Sigara yenyewe inamuua, na ningeomba aache leo. Lakini dirisha asilifunge kamwe. Nanyi nyote fungueni."

Hapo mtu mwenye akili angeelewa. Lakini Nzau alikuwa Nzau. Kanyiva aliporudi jioni, udongo wa Munje ungali kwenye viwiko vyake, alimkuta mumewe amekaa dirishani kama sultani.

"Mama, mwalimu amekuja na machine yake," akamwambia. "Amesema sigara yangu inasafisha nyumba. Nyumba ya Mama Chande yenye haina sigara imekuwa chafu. Amesema niendelee."

Mama Chande ni mimi. Nikaona mambo yanaharibika, nikaingilia kati. Nikamwambia Kanyiva kwamba sivyo, Hasina amesema sigara iachwe, ila dirisha liwe wazi, maana udongo wa mitaroni una gesi. Kanyiva alinitazama mdomoni. Nilikuwa na tambuu, na ndani ya tambuu yangu, sitaficha, huwa ninatia tumbaku.

"Nanyi mtaachaje kuteteana?" akasema. "Mwaka huu ni gesi. Miaka yote ilikuwa joto. Mama Chande, mimi nimeushika udongo huu kwa mikono hii miaka mingapi? Ungekuwa na sumu ningekuwa hai?"

Na Hasina alikuwa amekwisha kwenda. Basi neno la dirisha likaingia katika kapu moja na uongo wote wa Nzau, na Kanyiva akalifunga huko.

Mwaka uliofuata Nzau akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa cha kawaida yake. Alipungua, mashavu yakaingia ndani. Alipokohoa damu tulidhani ni kifua kikuu, akapimwa, haikuwa hiyo. Wakampiga picha ya kifua na kukuta uvimbe mkubwa pafuni. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba huo umeota kwa muda mrefu, na kwamba pale ulipofika hawana la kufanya zaidi ya dawa za maumivu. Wakarudi nyumbani.

Siku ileile Nzau aliitoa pakiti yake mfukoni, akampa mkewe mkononi. Hakuapa, hakumwita mchungaji. Alisema tu, "Chukua, mama. Imetosha." Kanyiva alikuja kwangu na ile pakiti, akilia na kucheka kwa pamoja. Mume wake anakufa na yeye anashukuru Mungu. Nilimwelewa. Alikuwa amekipigania kitu hicho tangu ujana wake, na alikuwa amekipata siku ambayo hakina faida tena.

Upepo wa kusi ulikuwa umeanza, baridi ya asubuhi ilikuwa inauma. Kila mtu kwetu anajua kwamba mgonjwa wa kifua hapigwi upepo. Na dirisha lile lilikuwa la nini tena, ikiwa sigara imekwisha? Kanyiva akaliziba. Alipanga mawe, akapanda mitaroni na ndoo, akachagua udongo laini kuliko wote aliowahi kuchagua. Akasiriba pale, kisha ukuta mzima, kisha sakafu yote chini ya kitanda na kandokando, huku Nzau amelala akimtazama. Kikombe cha pili cha Hasina kilichokuwa kikining'inia kwenye boriti hakukigusa. Alikipita kwa uangalifu, kwa kuwa kilikuwa mali ya mgeni. Nilipoingia kumtazama mgonjwa, kilikuwa chumba kizuri kuliko chochote nilichokiona maishani, na nilimwambia hivyo. Alifurahi. Akasema kila wiki atakipaka upya, ili Nzau asiione nyumba chafu katika siku zake za mwisho.

Na akafanya hivyo, kila wiki, mpaka mwisho.

Nzau hakutoka tena chumbani. Alilala humo mchana na usiku, mlango ukirudishwa kwa ajili ya baridi. Na akaanza kuomba. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu, zaidi ya siku moja. Alikuwa akijishika kifua, anaugeuza uso kwenye ule ukuta laini.

"Mama. Hiyo dirisha. Fungua. Nataka hewa kidogo."

Kanyiva alikuwa akitabasamu kwa huzuni, anamfuta jasho.

"Hapana, Baba Ndulu. Tumekwisha kuacha hayo. Vumilia."

"Hewa tu, mama."

"Vumilia. Umevumilia mpaka hapa. Shetani anakujaribu, usimpe nafasi."

Siku moja nilimvuta nje. Nikamwambia, mfungulie tu, mtu amefika mwisho, hata akivuta atapata hasara gani? Akanijibu bila hasira, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie.

"Wewe humjui, Mama Chande. Neno hilohilo amenidanganyia tangu tulipooana. Sasa ameacha mwenyewe, kwa hiari yake. Nikimfungulia ataomba kiberiti, na atakufa na sigara mdomoni. Nataka amfikie Mungu akiwa msafi. Ni hilo tu nililobaki nalo la kumpa."

Ningefanya nini? Haikuwa nyumba yangu, hakuwa mume wangu. Nikarudi kwangu.

Alikufa mchana, watu wakiwa mashambani. Kanyiva alisema mumewe alikuwa ameuweka mkono wake ukutani, pale palipokuwa na dirisha, na udongo ulikuwa bado haujakauka, kwa hiyo alama ya vidole ilibaki. Tulimzika shambani kwake. Ndulu alikuja, akalia, akarudi kwa mumewe. Siku chache baadaye wanawake wa kijiji, mimi nikiwa mmoja wao, tulikwenda mitaroni, tukajaza ndoo, tukaja kumsiribia Kanyiva nyumba yake kama alivyotusiribia sote. Tulifanya vibaya, ufundi hatuna, lakini tulifanya kwa mapenzi. Aliomba jambo moja tu, tusipake juu ya vidole vya Nzau.

Hasina alikuwa amepita siku za matanga na kukichukua kikombe. Alirudi na majibu miezi kadhaa baadaye, peke yake. Akaniomba nimsindikize, nikajua si habari njema. Kanyiva alitukaribisha, akaweka chai. Hasina hakuinywa. Alisema kwamba chumba kile, kilichokuwa miongoni mwa vyumba salama, mara hii kimetoa kipimo kikubwa kuliko vyote vya kijiji, na kwamba anaomba Mama asilale tena humo mpaka ukuta ufunguliwe.

Kanyiva akauliza, taratibu, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake.

"Nilimuua?"

"Hapana, mama," Hasina akasema haraka. "Uvimbe ulikuwepo kabla hujaziba. Ulichukua miaka mingi, na sigara ndiyo niilaumuyo kwanza. Udongo labda ulichangia, hakuna anayeweza kukuambia kwa kiasi gani. Lakini ile miezi ya mwisho haikumletea ugonjwa. Hata ungeliacha wazi, asingepona."

Nilidhani hilo litamtuliza. Kwangu mimi lingetosha. Kanyiva alitikisa kichwa.

"Sijauliza kama angepona. Mwanangu, wewe umesoma. Mtu mwenye ugonjwa ule, akisema anataka hewa, anataka nini?"

Hasina alinitazama mimi, akamtazama yeye. Natamani angedanganya. Wamesoma mno watoto hawa, hawajui kudanganya pale panapohitajika.

"Anataka hewa, mama. Pafu limebanwa, anajihisi kama anazama. Tena katika chumba kilichofungwa."

"Kwa hiyo alikuwa akisema kweli."

"Alikuwa akisema kweli."

Kanyiva hakupiga kelele. Aliinuka akavichukua vikombe vya chai, akaviosha vikiwa bado vimejaa.

Tangu siku hiyo hajashika udongo. Mwanzoni alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akiwaomba watu wapasue madirisha, wakamsikiliza kwa heshima ya mfiwa na hawakupasua. Wabara wanaogopa moto, wenyeji wanaogopa wezi, na wote wanasema wazee wetu wamelala kwenye udongo huu. Mimi nilipasua moja. La pili nimeshindwa, ukuta utaanguka, na sina nyumba nyingine ya kwenda. Ninalala juu ya sakafu yake nzuri na kila siku ninajua ninalala juu ya nini. Kanyiva akija kwangu hatazami chini. Huingia akitazama paa.

Dirisha lake alilivunja mwenyewe kwa jembe, siku ileile aliyoondoka Hasina. Vidole vya Nzau vilianguka na udongo mwingine. Liko pale mpaka leo, tundu tupu, kingo zimechongoka, fito zimejitokeza, kazi ambayo hata mtu anayejifunza kazi asingethubutu kuiacha hivyo. Mvua ikinyesha inaingia mpaka kitandani, na kusi ikivuma anatetemeka humo ndani, mtu wa umri wake. Juzi nilimwambia, Mama Ndulu, angalau tia kibao, uwe unafunga usiku.

Akaniambia hapana. Akasema aliombwa hewa kidogo tu.